Kidole Gumba na Nyuzi Zake: Kutoka Enzenze ya Wanande hadi Gita Kavu la Katanga

Muziki unaouzwa duniani kwa jina la kantri, yaani nyimbo za mashambani za kusini mwa Marekani zinazosindikizwa na gita, fidla na banjo, kwa kawaida huelezwa kana kwamba ulichipuka kwenye milima ya Appalachia na kukomea huko. Hata hivyo, msikilizaji aliyekulia katika nyanda za juu za Lubero, kuanzia Kipese hadi Butembo na kuteremka Beni, anapozisikiliza rekodi za mwanzo za muziki huo hukuta ndani yake kazi ya mkono ambayo si ngeni kwake: kidole gumba kimeshika uzi mmoja na kuurudia bila kuchoka, huku kidole cha shahada kikitembeza wimbo juu yake. Katika Kongo ya mashariki mgawanyo huo wa kazi baina ya vidole ni wa zamani kuliko gita lenyewe, na ndio unaofaa kufuatwa na yeyote anayetaka kuelewa jinsi muziki wa mashambani ulivyobadilika, kwa sababu ala zilikuja na kuondoka, zikabadilishwa mbao, ngozi na nyuzi, lakini kidole gumba kilibaki na kazi yake hadi umeme ulipokinyang'anya.

Miongoni mwa Wanande, ambao pamoja na Wakonzo wa upande wa Uganda ni watu wamoja waliotenganishwa na mpaka wa Semliki na Ruwenzori, ala ya kuanza nayo ni enzenze, ambayo majirani wengi wa Afrika Mashariki huijua kwa jina la zeze. Jina hilo la zeze hubeba ala zaidi ya moja, na kwa Wagogo wa Tanzania humaanisha ala inayosuguliwa kwa upinde, lakini enzenze ni ala ya ufito: ubao mwembamba, ulio bapa, wenye vinundu vichache vilivyochongwa karibu na ncha moja, na chini yake limefungwa buyu lililokatwa mdomo ili likuze sauti. Uzi mkuu hupita juu ya vinundu hivyo, na mpigaji huubana kwa vidole vya mkono wa kushoto ili kuupandisha na kuushusha, ilhali uzi wa pembeni haubanwi mahali popote. Huo hutoa sauti ileile moja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na kazi ya kuugusa huangukia kidole gumba. Mdomo wa buyu huegemezwa kifuani, kisha husogezwa mbali kidogo na kurudishwa, hivyo sauti hufunguka na kuzibika kama mtu anayesema maneno akiwa ameweka kiganja mdomoni, na kwa kuwa ala yenyewe haina nguvu ya kufika mbali, husikika vizuri zaidi na yule anayeipiga kuliko na mtu wa pili. Enzenze ni ala ya mtu anayetembea peke yake au anayekaa akiwaza, na wala haikuundwa kwa ajili ya umati.

Umati ulikuwa na ala zake. Wakonzo wanayo endara, marimba ya magogo yanayolazwa juu ya vigogo vya mgomba bila kufungwa, ambayo hupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, kiasi kwamba wimbo unaosikika haumo mikononi mwa mpigaji yeyote mmoja. Jambo hilo linapaswa kukumbukwa, kwani mpigaji wa gita wa baadaye atajaribu kukifanya kwa vidole viwili kile ambacho kwenye endara kilifanywa na kundi zima.

Kazi ileile ya kidole gumba ndiyo inayoitambulisha banjo, ala ambayo Wamarekani wengi wameizoea kama nembo ya mkulima mweupe wa milimani. Banjo za kwanza zilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na bara la Amerika, kwa buyu lililofunikwa ngozi na mpini wa mti, na moja ya nyuzi zake ilikuwa fupi kuliko nyingine, haibanwi, ikigongwa na kidole gumba. Kuna simulizi ya zamani kwamba uzi huo mfupi ulibuniwa na Joel Walker Sweeney, mwanamuziki mweupe wa Virginia aliyeipandisha banjo jukwaani katika miaka ya 1830 na 1840, lakini simulizi hiyo haisimami, kwa kuwa mchoro wa rangi uliofanywa South Carolina mwishoni mwa karne ya 18, unaojulikana kwa jina la The Old Plantation, unaonyesha mtu mweusi akipiga banjo ya buyu yenye uzi mfupi tayari. Wajola wa Senegambia hadi leo wanayo akonting, ala ya nyuzi tatu ambayo mmoja wao ni mfupi, na ndiyo hutajwa mara nyingi kama ndugu wa karibu wa banjo ya zamani. Hakuna haja ya kudai kwamba banjo ilitoka Kivu, kwa maana haikutoka huko. Kinachofaa kusemwa ni kwamba Mnande mwenye enzenze na Mmarekani mwenye banjo, pasipo kufahamiana, walikipa kidole gumba uzi mmoja usiobadilika na kuuzungushia wimbo.

Fidla, kwa upande wake, ilikwenda Marekani pamoja na wahamiaji wa Uskoti, Ireland na Uingereza, na kukutana kwake na banjo katika mashamba ya kusini ndiko kulikozaa muziki wa kuchezesha dansi ambao baadaye uliitwa wa kizamani. Gita lilichelewa. Lilienea mashambani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati magita ya bei nafuu yalipokuwa yakiagizwa kwa posta kupitia katalogi za maduka makubwa, na lilipofika lilikuta nafasi imekwisha kupimwa na banjo.

Hapo ndipo kampuni za santuri zilipoingia. Mwezi Juni 1923 huko Atlanta, Ralph Peer wa kampuni ya Okeh alimrekodi mpiga fidla John Carson, na mauzo yakawashangaza wenye mali. Miaka minne baadaye, akiwa sasa anafanya kazi na kampuni ya Victor, Peer alifunga mitambo yake Bristol, mji ambao mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia unapita katikati ya barabara yake kuu, na kati ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti 1927 alirekodi nyimbo 76 kutoka kwa vikundi na waimbaji 19. Miongoni mwao walikuwemo familia ya Carter na Jimmie Rodgers, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli, mwenye mtindo wa kuvunja sauti kutoka kifuani na kuirusha juu kooni. Kampuni hizohizo ziliuza santuri katika mafungu mawili, moja la wanunuzi weusi na jingine la weupe wa mashambani, japokuwa nyimbo nyingi zilikuwa za wote wawili. Mfano wa wazi ni Lesley Riddle, mpiga gita mweusi aliyesafiri na A. P. Carter kukusanya nyimbo na ambaye upigaji wake ulimfunza mengi Maybelle Carter, lakini ambaye hakuwekwa kwenye santuri hizo hata mara moja. Kwa hiyo jina la kantri, ambalo jarida la Billboard lilianza kulitumia rasmi kwenye orodha zake mwaka 1949, ni jina la dukani kabla ya kuwa jina la muziki.

Maybelle Carter anastahili kutazamwa kwa karibu. Kidole gumba chake kilicheza wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene za chini, na kidole cha shahada kikafagia nyuzi nyembamba za juu kwenda na kurudi ili kushika mapigo, hivyo kwamba gita moja lilifanya kazi ya mwimbaji na ya mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Mtindo huo ulienea Marekani yote. Katika Kongo, ndani ya kizazi hicho na kile kilichofuata, vidole vilevile viwili vilipewa kazi zilezile kwa mpangilio wa kinyume, na sababu yake imo ndani ya kisanduku kidogo cha mti.

Kisanduku hicho ni likembe, ala yenye ndimi za chuma zilizopangwa juu ya mti uliotobolewa ndani, zinazobonyezwa na vidole gumba vya mikono yote miwili. Ndimi hizo zilifuliwa kutokana na chochote kilichopatikana, misumari, mbavu za mwavuli, njiti za baiskeli, na kila ulimi ulivikwa kipete chepesi cha chuma ili utoe mvumo kama wa nyuki, kwani kwa masikio ya wenyeji sauti tupu isiyovuma ilikuwa sauti pungufu. Likembe ilianzia sehemu za chini za mto Kongo, na mwishoni mwa karne ya 19 ilipanda mto pamoja na wapagazi, askari na vibarua wa meli za mvuke, ikafika Kisangani, ikaingia Ituri, ikavuka hadi kaskazini mwa Uganda ambako Waacholi waliipokea pamoja na jina lake na kuiita lukeme. Uzito wake ni mdogo, huingia mfukoni, na mtu anaweza kuipiga huku akitembea, sifa ambazo zilimfaa kibarua aliyelazimika kwenda mbali na kwao. Mpigaji wa likembe huwa na mzunguko mfupi wa sauti unaojirudia, sauti nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na juu ya mzunguko huo huimba au hunyamaza kama apendavyo.

Gita la Kongo, ambalo huko huitwa gitare, lilikuja kwa njia mbili: bandari ya Matadi upande wa magharibi, pamoja na mabaharia na makarani wa Afrika Magharibi, na reli ya kusini iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa, mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji vibarua kwa maelfu, na makambi yake yakakusanya watu wa lugha nyingi ambao Kiswahili kiliwaunganisha. Machimbo ya makaa na viwanda vya nguo vilikuwa vikifanya kazi hiyohiyo kwa wakulima wa Appalachia, na ni kosa la kawaida kuuita muziki wa namna hii muziki wa kijijini, wakati ulikuwa muziki wa watu waliokwisha kuondoka kijijini wakiwa na mshahara wa kununulia gita na upweke wa kuwafanya walipige. Butembo nao ulikua chini ya kivuli cha kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, na upande wa pili wa Ruwenzori, katika nchi ya Wakonzo, machimbo ya shaba ya Kilembe yalifunguliwa pamoja na reli ya Kasese mwaka 1956; popote palipochimbwa kitu, gita halikukawia.

Asiyekuwa na fedha alijitengenezea lake. Mabati ya mafuta yaligeuzwa kuwa matumbo ya magita na banjo kote kuanzia Katanga hadi Rhodesia na Nyasaland, na mila hiyo haijafa: Lubumbashi ina karindula, banjo kubwa mno ambayo tumbo lake ni pipa la mafuta lililovikwa ngozi ya mbuzi, yenye mpini mrefu na nyuzi nne. Banjo ilivuka bahari ikiwa buyu la watumwa, na ndugu yake wa Katanga akazaliwa kutokana na pipa la petroli. Mwandishi wa riwaya asingethubutu kubuni jambo kama hilo.

Mwenda Jean Bosco, anayejulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya kale ya mfalme Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Tabora, akajenga dola ya Wayeke na kuuawa na watu wa mfalme wa Ubelgiji mwezi Desemba 1891. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville ambao sasa ni Likasi, Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka na gari lenye mitambo akikusanya muziki wa Afrika kwa msaada wa kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Wimbo wake wa Masanga ulisambaa Afrika nzima kwa santuri, na mtaalamu David Rycroft baadaye aliuandikia uchambuzi mrefu, akiandika kila noti kwa mkono wa mwanasayansi. Kidole gumba cha Bosco kinazunguka kwenye nyuzi nene bila kukatika, kama gumba la upande mmoja wa likembe, na kidole cha shahada kinadondoa nyuzi nyembamba katikati ya mapigo hayo, si juu yake, kiasi kwamba sikio linashindwa kuamua mwanzo wa mzunguko uko wapi. Maybelle Carter aliuweka wimbo chini na mapigo juu. Bosco aliweka mapigo chini na wimbo juu, na katika nafasi iliyobaki kati ya vidole hivyo viwili inasikika sauti ya tatu ambayo hakuna kidole kinachoicheza, jambo ambalo wapigaji wa endara walilijua kabla yake. Binamu yake Edouard Masengo na mwenzake Losta Abelo walisukuma mtindo huo mbele kila mmoja kwa namna yake, lakini ni haki kusema kwamba hakuna aliyeufikia ukamilifu wa rekodi za Bosco za mwaka ule.

Kantri yenyewe ilikuwa imekwisha kufika Afrika Mashariki kabla ya hapo, kwa njia ya gramafoni. Mwaka 1950, kule Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis wa Kenya, Tracey alirekodi wasichana wakiimba na kinubi cha kienyeji wimbo uitwao Chemirocha, jina ambalo ni Jimmie Rodgers lililopitia midomo ya Kikipsigis, na ambalo wenyeji walikwisha kulipa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Mfanyakazi wa reli aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933 hakuwahi kukanyaga Kenya, ila sauti yake ilipata maisha ya pili huko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco na Masengo walikwenda Nairobi, ambako walitumika hata kwenye matangazo ya dawa na vinywaji, na vijana wa magharibi mwa Kenya wakawa wanawafuatilia vidole. George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, aliufanya upigaji huo kuwa wa Kiluhya na kuuita omutibo, huku mapigo yakishikwa na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kwa chuma, kwani mifereji ya kioo chake iliifaa kazi hiyo kuliko chupa nyingine yoyote. Waluo nao waliihamishia kwenye gita nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, na kutokana na hilo ukatoka muziki wa benga.

Magharibi mwa Kongo mambo yalikwenda kasi zaidi. Mfanyabiashara Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha kampuni ya santuri ya Ngoma mjini Léopoldville mwaka 1948, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy pamoja na mpiga gita Henri Bowane wakatoa Marie-Louise. Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, alileta mtindo wa gita la Hawaii, uleule ambao kijana wa visiwa hivyo, Joseph Kekuku, anasifiwa kuubuni mwishoni mwa karne ya 19 kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, na ambao Wamarekani waliuchukua hadi ukawa kilio cha kantri. Kwa Jhimmy huyo hunasibishwa pia mi-composé, yaani kuondoa uzi wa nne wa gita na kuweka mahali pake uzi mwembamba uliopandishwa oktava moja. Mafundi wa Nashville nao walikuja kubadilisha nyuzi nene za gita kwa nyembamba kwa namna inayofanana, na katika miji yote miwili shabaha ilikuwa mng'aro uleule.

Kisha umeme ukaja, na mkono ukagawanywa. Katika okestra za Kongo kazi ya kidole gumba alipewa mtu wa besi, mapigo ya katikati akapewa mtu wa akompanyema, wimbo wa juu akaushika mtu wa solo, na baadaye akaongezwa mwingine wa kati aliyeitwa mi-solo, hivyo kwamba sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo waimbaji huacha nafasi na magita yakakimbia, ni likembe moja iliyotawanywa kwa watu wanne. Wengi huona hapo maendeleo tu. Faida ilikuwapo, kwa maana dansi ilipata nguvu, lakini mpigaji mmoja mwenye gita kavu, yaani gita lisilo na umeme, alipoteza soko lake, na Bosco mwenyewe, baada ya kusikilizwa kwenye tamasha la Newport la Marekani mwaka 1969, aliishia kujulikana zaidi miongoni mwa wapenzi wa gita wa Ulaya kuliko kwa vijana wa Likasi. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Katika mwaka huohuo wa 1952 ambamo Masanga ilirekodiwa, Tracey alipita pia kando ya msitu wa Ituri na kurekodi nyimbo za Wanande. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini, ikisimamiwa na Chuo Kikuu cha Rhodes, na nyingine zimetolewa kwa umma. Ziko mbali na Beni, lakini zipo. Kwenye vilima vya Kipese, Luotu na Masereka, mzee anayejua enzenze hana maktaba. Msomaji aliye na babu au jirani wa namna hiyo anaombwa amrekodi kwa simu aliyonayo, si wimbo tu, bali pia mkono wake ukiwa karibu, jinsi anavyofunga buyu, uzi upi anaukaza kwanza, na kidole gumba chake kinagusa uzi wa pembeni kabla au baada ya neno la kwanza.